Nani Aliyemwua Pete Van Horn?

Jioni moja, katika mtaa wa Marekani uitwao Maple Street, watu walikuwa katika shughuli zao za kila siku. Mara mlio mkubwa ulipita angani pamoja na mwanga mkali. Umeme ukazimika, simu zikanyamaza, magari yakakataa kuwaka. Usiku ulipoingia, jirani mmoja, Pete Van Horn, alikuwa amelala chini, maiti, naye ameuawa na jirani mwenzake.

Jambo hili halikutukia kweli. Ni mchezo wa televisheni ulioonyeshwa tarehe 4 Machi 1960, mmoja katika michezo 156 ya The Twilight Zone. Mtungaji wake ni Rod Serling, aliyepigana vita vikuu vya pili huko Filipino. Mwaka 1956 alikuwa ametunga mchezo uliotokana na kuuawa kwa Emmett Till, kijana Mweusi wa miaka 14. Lakini waliogharimia matangazo waliubadili hata ukapoteza makali yake. Basi Serling akaona kwamba yale yasiyoruhusiwa kusemwa juu ya wanadamu yaweza kusemwa kwa hadithi za viumbe wa sayari nyingine.

Mwenye kuutazama mchezo huu mara ya kwanza hukaa pamoja na watu wa mtaa ule, naye hutafuta kama wao. Mtoto aitwaye Tommy amewaambia, kwa hadithi aliyoisoma, kwamba viumbe wageni hutanguliza jamaa wenye sura ya watu. Je, ni nyumba ipi? Gari la bwana Goodman lawaka lenyewe. Mwanamke mmoja asema amemwona usiku wa manane akisimama nje na kutazama mbingu. Goodman ajibu kwamba hapati usingizi. Mtazamaji asikia jibu hilo, na moyoni ashuku kidogo.

Mara ya pili hana tena nafasi ya kushuku. Ajua kwamba viumbe wageni wako mbali juu ya kilima, wakiwasha na kuzima vyombo vya watu wapendavyo, na kwamba katika mtaa hamna mgeni hata mmoja. Goodman asema maneno yale yale kwa uso ule ule. Lakini sasa aonekana jinsi alivyo, mtu aliyechoka kwa kukosa usingizi. Ndipo mtazamaji agundua kwamba mara ya kwanza alikuwa amesimama katika kundi la washtaki.

Nani basi aliyemwua Pete Van Horn? Aliyefyatua bunduki ni Charlie, na hakuna awezaye kumwondolea tendo hilo. Lakini je, wengine hawana hatia? Mtoto alisimulia hadithi tu. Yule mwanamke, naye, alisema kweli! Hapa pana ugumu. Mtu aweza kukosa kwa kusema kweli? Yafaa kuuliza kweli hiyo aliitumia kwa nini. Alimwona jirani akikesha, wala hakubisha mlangoni kumwuliza, “Jirani, waumwa?” Aliiweka ile kweli kama mtu awekaye jiwe kando ya mlango, akaitoa siku ile ilipoweza kumpiga mwenziwe.

Steve, mwenye busara kuliko wote, huwakataza wenzake kutafuta wa kulaumiwa. Lakini wasikia kwamba nyumbani mwake ana redio ya kuzungumza na watu wa mbali. Mkewe ataka kuwaonyesha. Yeye akataa, kisha kwa uchungu asema kwa mzaha kwamba hutumia redio hiyo kuzungumza na majitu ya angani. Kukataa kwake kulikuwa haki, kwa maana mtu hapaswi kujitetea mbele ya kundi lisilo na ushahidi. Mzaha ule, hata hivyo, ulikuwa kuni kavu. Wenye hofu hawacheki.

Baada ya bunduki kulia, taa za nyumba ya Charlie zawaka. Na ni nani amgeukiaye? Ni Goodman yule yule. Asema kwamba labda Charlie alifanya haraka kuua kwa sababu Pete alikuwa na neno la kuwaambia. Maumivu ya kushtakiwa bure yalikuwa hayajapoa ndani yake, naye tayari amewashika wenzake mkono katika kazi ile ile. Mara mawe yaruka.

Pete alikuwa ameondoka mapema, nyundo kiunoni, kwenda kutazama kama mtaa wa pili una umeme. Wenzake walimwona akienda, nao walijua atarudi. Mwenye kuutazama mchezo mara ya pili huacha kusikiliza ugomvi. Macho yake huelekea gizani mwishoni mwa njia, mahali ambapo mtu mmoja arudi kwa miguu, bila haraka, akileta habari waliyoingojea.