Usanii na Ukweli: Sanaa katika Malezi ya Mtoto

Neno sanaa liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, ambako shina lake huhusu utengenezaji na ufundi wa mikono, na hadi leo huwaweka pamoja mchongaji, mchoraji, mshairi na mwimbaji. Neno usanii, hata hivyo, limepata maana nyingine katika mazungumzo ya mitaani, hasa nchini Tanzania: anayeahidi asitimize, au anayepamba maneno ili afiche kasoro, huambiwa kwamba anafanya usanii, yaani anadanganya. Kukaa kwa maana hizi mbili ndani ya neno moja kunaibua swali zito la kifalsafa, ambalo kila anayetaka sanaa ifundishwe shuleni analazimika kulijibu: je, mtoto anayefundishwa kuchora, kufinyanga, kuimba na kuigiza anafundishwa kuujua ukweli au anafundishwa kuuficha?

Shutuma hiyo ina umri mkubwa. Plato, mwanafalsafa wa Athene aliyefariki mwaka 347 kabla ya Kristo, alitoa katika kitabu cha 10 cha andiko lake liitwalo Jamhuri mfano wa vitanda vitatu: cha kwanza ni wazo lenyewe la kitanda, ambalo ni kazi ya Mungu na halibadiliki, cha pili ni kile anachokiunda seremala kwa kulifuata wazo hilo, na cha tatu ni cha mchoraji, ambaye huiga sura ya nje tu bila kuhitaji kujua kitanda hutengenezwaje, na kwa hiyo kazi yake iko mbali na ukweli. Lakini Plato huyohuyo, katika kitabu cha 3, alitaka watoto walelewe kwa muziki na ushairi mwema kabla akili yao haijapevuka, ili wazoee kupenda kilicho kizuri na kuchukia kibaya, na hoja za akili zitakapowafikia baadaye wazipokee kama mtu ampokeavyo ndugu anayemfahamu. Aliiogopa sanaa kwa sababu alijua inavyoingia ndani ya nafsi ya mtoto, na hofu ya namna hiyo ni ushahidi wa nguvu yake.

Mwanafunzi wake, Aristotle, aliukabili uigaji kwa mtazamo mwingine, akieleza katika kitabu chake kuhusu ushairi kwamba kuiga ni maumbile ya binadamu tangu utotoni na kwamba mafunzo yake ya kwanza huyapata kwa njia hiyo. Ukweli wa maelezo haya huonekana pale mtoto anapopewa kazi ya mkono. Anayetaka kuchora jani la mwembe hugundua kwamba jani alilokuwa nalo kichwani silo lililo mbele ya macho yake, na hulazimika kutazama upya. Anayesuka ukili, yaani utepe wa miyaa unaoshonwa kuwa mkeka, akiruka mwaa mmoja huona pambo lote limepinda, wala hakuna maneno matamu yatakayolinyoosha. Udongo usiokandwa vizuri hupasuka ukichomwa, hata kama mfinyanzi ni mtoto anayependwa. Mali ghafi, yaani kitu kinachofanyiwa kazi, haidanganyiki, na mtoto anayeshughulika nayo hujifunza mapema kwamba kuna mambo yasiyotii matakwa yake, jambo ambalo ndilo mwanzo wa kuuheshimu ukweli.

Inabaki hoja ya uigizaji na hadithi, ambamo mtoto husema yasiyotokea. Uongo, kwa maana yake kamili, ni kauli inayokusudia kumfanya mwingine aamini lisilo kweli, na hauwezi kufanya kazi isipokuwa anayeambiwa hajui kinachofanyika. Mtambaji wa Kiswahili huanza kwa kusema “Paukwa!” na wasikilizaji hujibu “Pakawa!”, na kwa maneno hayo mawili pande zote hukubaliana kwamba zinavuka mpaka na kuingia katika ubunifu. Mtoto aliyezoea kuuvuka mpaka huo kwa ridhaa anautambua pia unapovukwa kwa hila, kwani aliyewahi kuitengeneza sura kwa mikono yake anajua kwamba kila picha na kila wimbo umepangwa na mtu mwenye kusudi.

Dini nayo ina neno katika mjadala huu. Wanazuoni wengi wa Kiislamu wamekataza kuchora viumbe wenye roho, na mzazi anayeshikamana na katazo hilo hastahili kudharauliwa. Lakini uwanja wa sanaa ni mpana, kama unavyothibitishwa na khati, na kasida, na milango ya Lamu na Unguja inayopendeza kwa maua na mizunguko iliyochongwa. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliufananisha moyo wa mtoto na johari safi isiyo na nakshi yoyote, iliyo tayari kupokea kila kitakachochorwa juu yake, na akashauri kwamba mtoto aruhusiwe kucheza mchezo mwema baada ya masomo, kwani kumnyima daima huufisha moyo wake na kuidumaza akili yake.

Kwa kuwa sanaa hulea ukweli, haifai itetewe kwa madai yasiyo na uthabiti. Mwaka 1993 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliohusisha wanafunzi 36 wa chuo kikuu, ambao walipata alama bora zaidi katika majaribio ya kutambua maumbo baada ya kusikiliza muziki wa Mozart kwa dakika 10, na athari hiyo haikudumu zaidi ya takriban robo saa; hata hivyo, habari zilienea duniani kwamba muziki huo huwaongezea watoto wachanga akili. Kuitetea sanaa kwa madai ya namna hiyo ni usanii katika maana yake mbaya, na tena huifanya sanaa kuwa kijakazi wa masomo mengine, ambaye atafukuzwa siku alama za hisabati zisipopanda.

Methali husema samaki mkunje angali mbichi, na katika methali hiyo mtoto ndiye anayekunjwa. Malezi mengi hayana budi kuwa hivyo. Katika sanaa, hata hivyo, mtoto hushika udongo yeye mwenyewe, na ndiyo sababu mwalimu anayechora chungu ubaoni na kuwataka wanafunzi 50 wakinakili kwa mistari ileile huwa amewanyima kilicho bora katika somo hilo. Kinachohitajika si vifaa vya gharama, kwa kuwa mkaa, miyaa na udongo vipo karibu na shule nyingi, bali ni mwalimu mwenye subira ya kumwacha mtoto atazame, akosee, afute na kurudia, mpaka aweze kusema bila kuongozwa ni wapi kazi yake imesema kweli na ni wapi bado.