Maisha ni Mafupi: Basi Tufanyeje?

Tarehe 27 Juni 2019 ardhi iliporomoka katika mgodi karibu na Kolwezi, ikawafukia wachimbaji waliotafuta shaba na kobalti kwa mikono yao. Walikufa zaidi ya 30. Tarehe 15 Novemba 2025, huko Kalando, katika jimbo lilo hilo la Lualaba, daraja la mgodi lilivunjika kwa msongamano wa wachimbaji; wakafa watu wasiopungua 32.

Sisi tuliobaki, turudipo kutoka makaburini, twasikia wengine wakisema: «Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo.» Kisha fedha ya juma zima yaisha usiku mmoja. Tusiwacheke. Mtu aliyekula na rafiki jana, na leo amemzika, ana sababu ya kutoiamini kesho.

Lakini methali hiyo yatufundisha na jambo jingine. Ikiwa kesho haina hakika, basi leo tulipe deni, leo tupatane na ndugu tuliyegombana naye. Katika vilio tulivyokaa, hatujasikia mtu akililia pombe aliyoikosa. Watu hulilia neno jema walilochelewa kulisema.

Tena, rafiki afapo, mzigo wake haufi naye. Watoto wake wapo, na mama yao yupo. Anayemnunulia yatima wa rafiki yake daftari na viatu vya shule hawezi kumrudisha marehemu. Walakini, siku zake mwenyewe, ziwe nyingi au chache, hazikupita bure.