Mwenye Kutupeleka Hija Tumjue

 

Ndugu zetu Waislamu, kila ikikaribia miezi ya Hija huenea katika miji yetu karatasi za makampuni ya safari. Hii yataja hoteli iliyo jirani na Haram, na hii yataja chakula cha kwetu na sheikh wa kuongoza kikundi. Nasi twaulizwa na wengi: "Twende na nani?" Hatutasifu kampuni yoyote hapa wala hatutaitia ila. Tutakalo ni kueleza jinsi ya kuchagua, kwani jambo hili limeleta madhara makubwa.

Tulipozuru pande za Migori tulifika Ogwedhi, soko lililo karibu na mpaka wa Narok, wanakokutana Wajaluo, Wakuria na Wamaasai. Mzee mmoja katika Waislamu wachache wa huko alitukaribisha kwake, akatusimulia lililompata. Aliuza ng'ombe wake, akapeleka fedha kwa simu kwa wakala mmoja, asipewe mkataba wala risiti. Aliahidiwa Hija, na viza iliyomjia ikawa ni ya matembezi tu. Safari ikavunjika, na fedha zake hazikurudi. Tukamwuliza: "Je, hukuuliza kabla ya kulipa?" Akajibu: "Sheikh, ng'ombe nikimnunua humfunua kinywa nikamtazama meno. Huyu alikuja na kanzu na kilemba, nikaona haya kumwuliza."

Msidhani, enyi watu wa pwani, kuwa haya ni ya watu wa bara peke yao. Wangapi kwetu wamelipa kwa sababu wakala ni jamaa, au ni mwenye sauti nzuri ya Kurani? Haya ya namna hiyo si adabu, bali ni uzembe. Kuuliza si dhana mbaya, na kutegemea kwa Mwenyezi Mungu hakuondoi wajibu wa kumfunga ngamia.

Katika Sura ya Al-Qasas twasoma habari ya binti wa Madyan, alipomshauri baba yake amwajiri Nabii Musa. Alitaja sifa mbili za mtu afaaye kuajiriwa: nguvu na uaminifu. Na Mtume wetu alipohama Makka pamoja na Abu Bakr, walimwajiri Abdullah bin Uraykit awaongoze njia, naye alikuwa bado katika dini ya Makureshi. Walimwajiri kwa kuwa alizijua njia na kwa kuwa walimwamini. Wakampa ngamia wao, wakaagana naye kwenye pango la Thawr baada ya siku tatu, naye akatimiza ahadi. Basi ikiwa Mtume alitazama ujuzi na amana, sisi twatazamaje kilemba?

Nguvu ya kampuni ni idhini na uwezo wake. Na aulize mtu: je, kampuni hii imeruhusiwa kupeleka mahujaji mwaka huu? Kwetu Kenya swali hilo lapelekwa kwa Baraza Kuu la Waislamu, SUPKEM, ambalo kwa miaka mingi limekuwa likisimamia mambo ya Hija. Kisha aulize viza ni ya namna gani, kwani viza ya matembezi haimpi mtu ruhusa ya kuhiji. Mwaka 2024 joto la Makka lilipita digrii 50, na serikali ya Saudia ikatangaza kuwa waliokufa katika Hija walikuwa 1,301. Zaidi ya wanne katika kila watano wao hawakuwa na idhini, wakatembea masafa marefu juani bila ya kivuli wala pa kupumzika. Misri ilizinyang'anya leseni kampuni 16 kwa sababu hiyo. Mwaka uliofuata Saudia ikatangaza faini ifikayo riali 20,000 kwa anayejaribu kuhiji bila ya idhini.

Ama uaminifu, huo hujulikana kwa maandishi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani yahusu kuandikiana deni. Basi uandikwe mkataba: jina la hoteli na umbali wake kutoka Haram, idadi ya watu katika chumba, hema la Mina, chakula, nani atawatazama wazee na wagonjwa, na fedha zitarudije safari ikivunjika. Malipo yaende katika akaunti ya kampuni, si katika simu ya mtu, na risiti ishikwe. Tena aulizwe aliyekwenda nao mwaka uliopita, khasa bibi mzee, kwani matunzo ya kikundi hujulikana kwa aliye dhaifu. Wala tusisahau kuwa bei nyingi huanza uwanja wa ndege, na atokaye Ogwedhi au Lamu ana nauli nyingine mbele yake.

Nasi masheikh tuna letu la kujibu. Yapo makampuni yampayo sheikh nafasi bila ya malipo akiwaletea mahujaji. Ujira kwa kazi ni halali, lakini kuuficha, kisha ukapanda mimbari ukasifu, hiyo ni khiyana. Mwenye kupewa na aseme: "Nimepewa," ili watu wampime wakijua.

Tulimwambia yule mzee kuwa Hija ni faradhi kwa mwenye uwezo, na kwamba nia yake haikupotea kwa Mola wake. Siku ya kuondoka alitutolea karatasi ya kampuni nyingine, ajaribu tena ndama wake wakikua. Tukaisoma naye neno kwa neno, na maswali aliyoyauliza safari hii yalikuwa mengi kuliko yetu.

Ewe Mola, turuzuku Hija iliyokubaliwa, na utuepushe na wenye kuifanya nyumba yako mtego wa mali za waja wako. Amin.