Deni Tunalomwachia Mungu

Wazazi wa Karatu wakitaka kumshukuru kocha wa watoto wao, humwachia Mungu alipe. "Mungu akubariki, mwalimu." "Mungu akuzidishie ulipotoa." "Sisi hatuna cha kukulipa, Mungu ndiye atakayekulipa." Nayajua maneno haya kwa sababu nayachapa mimi. Nina kaduka ka kuchapa na kutoa kopi karibu na stendi: kompyuta, printa yenye kelele, mashine ya laminesheni na benchi la wateja. Kila Desemba, Tamasha la Michezo la viwanja vya Mazingira Bora likikaribia na shule zikiwa zimefungwa, wazazi huja na daftari au na simu mkononi: "Mama, nitengenezee ujumbe wa kumshukuru kocha. Mzuri mzuri."

Mzuri mzuri ninao tayari. Uko kwenye faili linaloitwa SHUKRANI KOCHA. Unaanza na "Kwa niaba ya wazazi", unapita kwenye "moyo wako wa kujitolea", unaishia kwa Mungu. Nabadilisha jina la mtoto na la shule, napiga laminesheni, mteja anaondoka ameridhika. Wasiotaka karatasi hupiga picha kioo cha kompyuta na kuirusha kwenye grupu la wazazi, ambako wengine thelathini wanajibu "Amina".

Swali langu ni kuhusu hiyo Amina. Tukisema Mungu atamlipa, tumeshukuru, au tumehamisha deni?

Kocha ninayemzungumzia hapa mnamjua hata kama hamjafika Karatu. Ni mwalimu wa shule ya msingi anayefundisha hesabu asubuhi, na jioni anabaki uwanjani na watoto wa mbio, kwa hiari yake. Mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA, yakipita, wengine huacha hadi mwakani, yeye anaendelea. Watoto wanakimbia pekupeku kwenye lile vumbi letu jekundu, jozi moja ya viatu vya miiba inazunguka kwa miguu ya watoto watano, na saa ya kupimia ni simu yake mwenyewe, ambayo kioo chake kimepasuka. Siku ya mashindano ndizi na maji mara nyingi hutoka mfukoni mwake. Huyu ndiye tunayemtumia mstari mmoja, halafu tunamkabidhi kwa Mwenyezi.

Na mji wetu unajua kushukuru, hilo siwezi kulikana. Karatu ni mji wa bahasha. Wageni wanaokwenda kreta ya Ngorongoro wanalala kwetu, alfajiri wanapanda hadi lango la Lodoare, na siku ya mwisho wanamwachia dereva bahasha na mpishi bahasha. Muongoza watalii mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, aliwahi kuniambia kwamba bahasha anaipokea kwa mikono miwili, ila anachokitamani zaidi ni mgeni aandike mtandaoni kwa jina lake: kwamba fulani alitusimamisha kimya saa nzima mpaka tukamwona faru. Maneno hayo ndiyo yanayomletea mgeni mwingine. Pesa inaisha Januari, maneno yanabaki. Nilimsikiliza vizuri. Wiki hiyohiyo akaja kutaka barua ya kocha wa binti yake. Nikamuuliza niandike nini. "Weka ile ya kawaida tu, mama. Na Mungu ambariki."

Wapo watakaosema wanariadha wetu wakubwa walifika mbali bila barua za namna hii. Ni kweli. Filbert Bayi, aliyezaliwa Karatu mwaka 1953, alitoka mbele tangu mwanzo kule Christchurch tarehe 2 Februari 1974, hakumngoja mtu, akamaliza mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia. John Walker wa New Zealand aliyekuwa nyuma yake naye alipita chini ya rekodi ya zamani, na bado akawa wa pili. Muda ule unajulikana hadi sehemu ya mia ya sekunde. Lakini kuna siku niliwauliza wateja waliokuwa kwenye benchi, watu wazima wa hapahapa, ni nani aliyempanga Bayi kwenye mstari kwa mara ya kwanza akiwa mtoto. Wakaanza kubishana juu ya Walker. Taasisi ya Bayi ndiyo inayotuletea hili tamasha, na mimi naliona ni shukrani yenye miguu: amerudi alikotoka, akaweka mstari mwingine wa kuanzia.

Kuna mseminari nilimchapia kazi yake ya falsafa, na kuchapa kwa pesa kuna faida moja, kwamba unasoma vitabu ambavyo usingevigusa. Humo nikakutana na Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, akiuliza mwalimu alipwe nini. Anasema mtu aliyekufundisha falsafa huwezi kumpimia kwa fedha. Pengine yatosha, kama kwa miungu na kwa wazazi, umpe unachoweza. Wateja wangu wangempenda sana Aristotle. Mlango wameshafunguliwa: kama deni halilipiki, basi tuseme Amina twende nyumbani. Lakini kabla ya hapo anamtaja Protagoras, mwalimu wa kulipwa, ambaye alikuwa akimaliza kufundisha anamwambia mwanafunzi akadirie mwenyewe yale aliyojifunza yana thamani gani, na hicho ndicho alichokipokea. Wengi humwona Protagoras mfanyabiashara. Mimi naona alimpa mwanafunzi kazi ngumu kuliko kutoa pesa: kukaa chini na kuhesabu amepata nini hasa.

Sisi hatuhesabu. Ndiyo maana deni linakwenda kwa Mungu likiwa halijaandikwa kiasi.

Mimi ni Mkatoliki, na Injili ya wakoma kumi nimeisikia tangu utoto ikihubiriwa kama habari ya watu tisa wasio na adabu. Nikiisoma mwenyewe katika Luka 17 siwaoni hivyo. Wale tisa waliambiwa waende wakajionyeshe kwa makuhani, wakaenda. Walitii. Huenda walimshukuru Mungu hekaluni kwa sauti kuliko yule wa kumi. Walichokosa ni kugeuka barabarani na kumrudia aliyewaponya, miguuni pake. Na Yesu hakusema kwamba wamemnyima yeye; aliuliza kwa nini hakurudi mwingine wa kumpa Mungu utukufu ila mgeni huyu, Msamaria. Kurudi kwa mtu na kumtukuza Mungu kulikuwa kitendo kimoja. Jirani yangu anayeuza vitenge, Mwislamu, aliponisikia nikiyasema haya alicheka: kwao hadithi ya Mtume imelimaliza hilo zamani, asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu.

Jirani huyohuyo alinipinga katika jambo moja, na sijampatia jibu kamili. Aliniuliza kama naidharau dua. Siidharau. Nimekulia kwa Wairaqw, nimewasikia wazee wakitoa slufay: mmoja anatamka baraka, amani, mvua, mifugo, na waliokaa wanaitikia kwa pamoja. Pale baraka si namna ya kukwepa kulipa. Mzee anatoa pumzi yake, anatoa muda, kila mtu amesimamisha shughuli zake, na anayebarikiwa yupo anasikia. Mtu akimkalisha kocha hivyo, akambariki mbele ya watu, mimi nitanyamaza. Ninachokitilia shaka ni baraka ya kidole gumba, inayotumwa mtu akiwa anasubiri mafuta kwenye sheli.

Halafu alikuja baba mmoja kutoka Endulen. Mtoto wake anakaa kwa shangazi yake hapa mjini, anasoma na kukimbia. Alikuwa na shuka lake na fimbo, akakataa benchi, akasimama nyuma ya kiti changu. Nikafungua SHUKRANI KOCHA. Akasoma, akasema, "Hiyo siyo. Andika ninavyosema." Nikaandika. Alisema hivi: Mwanangu alikuwa wa pili na mzunguko ulibaki mmoja. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba tangu asubuhi na alituficha. Wewe uliona anavyokanyaga. Ulimwambia atoke, akatoka, akalia, ukakaa naye chini. Watu walikuzomea. Mimi pia nilikuwa nimekasirika. Sasa mguu umepona. Nimeleta mbuzi dume, mweusi mwenye baka jeupe shingoni, yuko kwa shangazi.

Nikauliza, "Niongeze Mungu akubariki?" Akafikiri kidogo. "Mungu alikuwepo, aliona. Andika jina langu."

Barua haikufika nusu ukurasa. Haina sifa hata moja, hakuna "moyo wa kujitolea", hakuna "dhati". Inaeleza tu kilichotokea, aliyekitenda na aliyekiona. Mimi nadhani shukrani ndiyo hiyo: ni ushahidi. Deni la mwalimu ni kweli halilipiki, Aristotle hakukosea, ila ushahidi unaweza kutolewa, na Mungu hawezi kuutoa kwa niaba yetu. Atalipa, sawa. Lakini anayejua kwamba mtoto alitolewa mbioni kwa sababu ya mguu ni yule baba.

Miezi baadaye kocha mwenyewe alikuja kutoa kopi. Alikuwa anaomba nafasi ya mafunzo ya ukocha, na alitakiwa kuambatanisha chochote kinachoonyesha kazi yake. Alikuwa na bahasha ya barua za wazazi. Nyingi zilitoka kwenye mashine yangu, nilizitambua kwa mbali, zinafanana kama sare za shule. Alizipanga juu ya kaunta, akazisoma upya moja moja, akazirudisha kwenye bahasha. Akaacha ile ya Endulen na nyingine ya mkono, ya bibi aliyeandika kwamba mjukuu wake sasa anaamka mwenyewe bila kuitwa. Alitaka nakala tano tano.

Faili la zamani bado lipo, maana biashara ni biashara na wengine wana haraka ya basi. Bei ni ileile, shilingi elfu moja kwa ukurasa, Mungu awemo au asiwemo. Ila siku hizi kabla sijagusa kibodi nauliza: alifanya nini? Wapo wanaokasirika na kwenda kwa jirani. Wapo wanaokaa kwenye benchi wakiangalia barabara. Mama mmoja wa Rhotia alikaa mpaka nikahudumia wateja wengine watatu, ndipo akasema: "Alimfundisha kufunga kamba za viatu. Ana miaka kumi, sikujua kwamba hajui." Nikaandika. Akaniomba niongeze na Mungu ambariki kwa chini, nikaongeza.