Nimepanda au Nimepandishwa?

Siku hizi safari ya Kilimanjaro si ya Wazungu peke yao. Kila inapokaribia tarehe 9 Desemba, makundi ya WhatsApp hujaa matangazo: njoo tupande pamoja, siku sita, lipa kidogo kidogo. Mpwa wangu aliyeko Dar ameshaanza kulipia. Mama yake, dada yangu hapa Rutamba, alielezwa namna safari yenyewe inavyokwenda: kuna mtu wa kukubebea begi, kuna wa kukupikia, kuna wa kukuongoza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: “Sasa hapo nani kapanda?”

Wengine walicheka. Mimi naona ni swali zito, tena la kimaadili, na linastahili kujibiwa taratibu.

Tuanze na mambo yalivyo. Kilele cha Uhuru kina mita 5,895. Sisi wa Rutamba tuliozoea kutazama Rondo, ambako hakufiki hata mita 1,000, namba hiyo haituingii kichwani vizuri. Ukienda kwa njia ya Marangu utalala Mandara, halafu Horombo, halafu Kibo. Kutoka Kibo mnaondoka usiku wa manane, kwenye baridi kali na hewa nyepesi, mkivuta hatua moja moja. Watu wengi hutapika, wengine hurudi. Hakuna anayeweza kusema ni mchezo.

Lakini hufiki Kibo peke yako. Mgeni mmoja huweza kuwa na watu watatu au wanne nyuma yake: mwongozaji, mpishi, wapagazi, ambao kule mlimani wenyewe hujiita wagumu. Kanuni za hifadhi zimeweka kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wa mpagazi, na mzigo hupimwa kwenye mizani getini. Wagumu huondoka kambini baada yako na hufika kambi inayofuata kabla yako, ili ukifika wewe ukute chai. Ukirudi chini unapewa cheti chenye jina lako. Jina la aliyebeba godoro lako halimo.

Jibu la kwanza, na ndilo wapandaji wengi hulitoa, ni hili: miguu ilikuwa yangu. Begi lilibebwa, chakula kilipikwa, ila pumzi hakuna aliyenivutia. Kuna ukweli mkubwa hapo. Mpagazi hawezi kukupandia mlima kama vile mtu asivyoweza kukufungia saumu. Wahenga wenyewe wanasema mbebwa hujikaza, na mlimani kujikaza ni nusu ya kazi.

Kasoro ya jibu hili ni kwamba linathibitisha mengi kuliko linavyotaka. Kama miguu ndiyo hoja, mgumu naye ana miguu. Tena yake ilikwenda njia ileile ikiwa na kilo 20 juu. Kwa kipimo hicho alichokichagua mgeni mwenyewe, aliyepanda kwelikweli ni yule asiyekuwa na cheti.

Jibu la pili ni la watu wa mjini: Kiswahili chetu kinaruhusu. Si tunasema “nimejenga”? Mtu yuko Dar miaka kumi, hajawahi kushika koleo, anatuma hela kwa fundi, halafu anatangaza msibani kwamba amejenga kwao Rutamba. Hakuna anayemwita mwongo. Kwa nini basi aliyelipia safari asiseme “nimepanda”?

Hili limenisumbua zaidi. Nadhani tofauti iko kwa msikilizaji. Ukisema umejenga, kijiji kizima kinajua maana yake ni kwamba umetoa pesa. Fundi anajulikana, anapita hapohapo kila siku, na nyumba ikipasuka tunajua wa kumlaumu. Neno halijamdanganya mtu. Ukisema umepanda Kilimanjaro, unataka nikuelewe kwa maana ya mwili: jasho lako, moyo wako, ujasiri wako. Na mimi niliye mbali sijawahi kumwona mgumu. Nikisikia “nimepanda”, nakuona wewe na theluji, basi. Picha hiyo umeijenga wewe kichwani mwangu, na unajua kwamba si kamili. Kitenzi kina deni pale msikilizaji anapokuwa hana njia ya kujua yaliyofichwa ndani yake.

Historia ya mlima huu imejaa deni la namna hiyo. Vitabu vinasema Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889. Meyer akakipa kilele jina la Kaiser wake, akachukua jiwe la huko juu, na sehemu ya jiwe hilo ikaishia kwenye kasri la Potsdam. Wangapi wanajua habari za Mwini Amani, mtu wa Pangani, mtu wa pwani kama sisi, aliyebaki kulinda kambi ya juu wakati wale wawili wakijaribu na kurudi? Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayetajwa kuwa kiongozi wao wa njia, habari zake zilikuja kuvuma hasa kwenye kumbukumbu ya miaka 100, mwaka 1989. Watu bado wanabishana kama naye alifika kileleni. Ubishi wenyewe ni ushahidi wa kutosha: kuhusu wageni hakuna swali, kwa sababu wao ndio walioandika.

Na si lazima twende mpaka Marangu. Hapahapa mkoani Lindi, kati ya 1909 na 1913, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria katika kilima cha Tendaguru. Zaidi ya tani 200 zilitoka pale, zikabebwa na binadamu mpaka bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa, vichwani na mabegani. Maji Maji ilikuwa imeisha juzijuzi tu, na njaa yake ilikuwa bado haijasahaulika. Leo mmoja wa wanyama hao amesimama kwenye jumba la makumbusho Berlin, urefu wa mita 13 hivi, na ulimwengu unasema Janensch na Hennig “walimleta”. Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji, ni mmoja wa wachache waliobaki na jina. Mamia waliotembea na ile mifupa wamebaki kuwa “wapagazi”.

Hata fasihi imewapita. Ernest Hemingway aliuweka mlima huu kwenye kichwa cha hadithi yake mwaka 1936, na wasomaji duniani kote wanamkumbuka chui aliyekauka kwa baridi karibu na kilele. Wanaopita huko kila wiki na masufuria kichwani, sijaona hadithi iliyowapa umaarufu wa yule chui.

Kuna anayeweza kuniambia: wewe, hayo ni maneno tu. Mgumu hataki kuandikwa, anataka kulipwa. Sawasawa kabisa. Mpagazi aliyebebeshwa kuzidi mizani, aliyekula mlo mmoja, aliyelala kwenye hema linalovuja, ukimwandikia shairi umemkejeli. Wapagazi wamekufa kwenye mlima huu kwa baridi na kwa maradhi ya kimo. Koti zima na mshahara kamili vinatangulia sifa yoyote, na kama ni lazima kuchagua kimoja, nachagua koti.

Ila si lazima kuchagua. Malipo yanamaliza deni la kazi. Hayamalizi deni la ukweli, maana hilo sidaiwi na mgumu peke yake, nadaiwa na kila ninayemsimulia. Nikimlipa fundi cherehani aliyenishonea shati, sijanunua haki ya kusema nimelishona mimi. Na mara nyingi haya mawili hushikana: mtu ambaye simulizi imemfuta ni rahisi kumpunja, kwa sababu hakuna atakayeuliza habari zake.

Usiku wa Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera ya Tanganyika na kuweka mwenge juu ya kilele kilekile cha Meyer. Tunamtaja yeye mmoja, na sioni kosa, kwa kuwa alikwenda pale kwa niaba. Kila aliyesikia alijua ile safari ni ya watu wote, na kilele kikaitwa Uhuru, hakikuitwa Nyirenda. Kwa hiyo shida haiko kwenye kutaja mtu mmoja. Iko pale mmoja anapotwaa kilichofanywa na wengi na kukifanya pambo lake.

Basi, dada, jibu langu ni kwamba mwanao atakuwa kapanda, na atakuwa kapandishwa, na vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja. Aende. Asipokwenda yeye na wenzake, mgumu hana kazi, na watoto wake hawali falsafa. Lakini siku ya kwanza getini asimame karibu na mizani aone mzigo unavyopimwa. Aulize majina, ayaandike kwenye simu kabla vidole havijafa ganzi. Akirudi Rutamba na kuketi barazani, tukimuuliza ilikuwaje kule juu, aanze na hayo majina, halafu ndiyo atuambie habari za theluji.