Tope la Gazi kwenye Joho

Vyuo vikuu vina ada ya kujisifia watoto wao. Makerere ikihesabu watu wake huanza na marais, Nyerere, Obote, Kibaki, Mkapa, ndipo ifike kwa waandishi na madaktari. Nairobi ina hesabu yake, na vyuo vichanga vya huku kwetu, Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, navyo vimo mbioni kukusanya ya kwao. Sina ugomvi na desturi hiyo. Mzazi asiyemsifu mwanawe amsifu wa nani? Ila ukizisoma orodha hizo ukiwa kusini ya kivuko cha Likoni, utaona kuna watu wa namna moja wasioingia humo kamwe: wale waliowafundisha hao mashuhuri bila wao wenyewe kuwa na cheti. Nashikilia kwamba hao nao ni watu wa chuo, na kwamba Kwale ina haki ya kuwadai kuliko kaunti nyingi.

Tuanze na jina lisilo na ubishi. Ali Mazrui, wa ukoo ambao tawi lake moja lilihamia Gazi baada ya Seyyid Said kuuteka Mombasa mwaka 1837, alifanya mtihani wa Cambridge mwaka 1949 akapata daraja la tatu. Kwa alama zile mlango wa chuo kikuu ulikuwa umefungwa. Akawa karani katika taasisi ya elimu ya Waislamu mjini Mombasa, ile MIOME ambayo leo ndiyo Chuo Kikuu cha Ufundi. Baadaye akapata ufadhili wa kwenda Uingereza, akasoma Manchester, Columbia na Oxford, na mwaka 1965 akawa profesa pale Makerere. Orodha ya mashuhuri ikimtaja leo inamtaja akiwa ameshafika. Ingeandikwa mwaka 1950, karani yule asingekuwamo, ingawa kichwa kilikuwa ni kile kile.

Mazrui angalau alifika. Itazame sasa Gazi yenyewe, kijiji cha Kwale kilicho kati ya Diani na Msambweni, penye ghuba inayopokea maji ya mito ya Kidogoweni na Mkurumuji. Miaka ya 1970 mikoko yake ilifyekwa kuwa kuni za viwanda, na kuanzia miaka ya 1990 watafiti wakashirikiana na wenyeji kuipanda upya. Tangu hapo tope lile limezaa shahada za Nairobi, Brussels, Edinburgh na kwingineko. James Kairo wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, aliyepata uzamivu wake Vrije Universiteit Brussel mwaka 2001, ni miongoni mwa mabingwa wa mikoko duniani; katika ripoti ya mwaka 2019 ya jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi kuhusu bahari na barafu, alikuwa mmoja wa walioongoza uandishi wa sura nzima. Heshima hiyo ameitolea jasho. Lakini fungua makala za wataalamu wa mikoko ya pwani yetu, na katikati ya Kiingereza na Kilatini utakuta jedwali lina maneno haya: fito, pau, boriti, nguzo, banaa. Ni madaraja ya miti kwa unene wake, jinsi mkata mikoko anavyoyapanga kwa jicho kabla hajainua shoka, akijua kipi cha kufumia ukuta wa udongo na kipi cha kubeba dari. Mtafiti aliyakuta, akayapima kwa sentimita, yakawa sayansi. Kadhalika mkoko, mchu, mkandaa na mlilana: mgeni huona ukijani mmoja, na aliyemwonyesha kwamba ni miti minne ni mtu wa pale. Na upo ujuzi usioingia kwenye jedwali lolote, kama vile kujua ni siku gani ya bamvua maji yatakupwa hadi mtu avuke mkondo kwa miguu, na saa ngapi aanze kurudi kabla hayajamzingira. Mwenye ujuzi huo hutangulia mbele, mwanafunzi akimfuata na madaftari yake. Tasnifu ikitoka, akibahatika, anapata mstari mmoja wa shukrani kwa jina la jumla: wasaidizi wa nyanjani.

Msambweni ni hivyo hivyo, ila huko kilichotolewa ni mkojo na damu. Tangu miaka ya 1980 Charles King na wenzake wa Case Western Reserve ya Marekani wamechunguza kichocho kwa watoto wa shule za huko; wengine wakafuata na dengue na chikungunya. Mwaka 2025 yakachapishwa matokeo ya jaribio la dawa ya ivermectin lililofanywa Kwale, maambukizi mapya ya malaria yakipungua kwa asilimia 26 kwa watoto wa miaka 5 hadi 15. Mtu atanikumbusha kwamba maadili ya utafiti yanakataza kumtaja aliyetoa damu, na ni kweli, siri ya mgonjwa ni haki yake. Lakini mhudumu wa afya wa kijiji anayepita nyumba kwa nyumba, akieleza kwa Kidigo kwa nini mtoto asiye na homa anyweshwe dawa, yeye si mgonjwa. Bila maneno yake hakuna anayefungua mlango.

Wapo watakaosema joho lina maana yake, na kwamba mkata boriti hakuweza kukwambia ekari moja ya mikoko imefungia tani ngapi za kaboni chini ya tope. Nakubali bila kinyongo. Hesabu hiyo ndiyo iliyozaa Mikoko Pamoja mwaka 2013, mradi wa hekta 117 unaouza kaboni na kurudisha fedha Gazi na Makongeni, zikawa maji ya bomba na vitabu vya shule. Mwaka 2017 ukapata Tuzo ya Ikweta. Ila hata huo haukusimama kwa hesabu peke yake. Ulisimama kwa sababu wanavijiji walikubali kuulinda msitu, na kamati yao ndiyo inayoamua fedha ziende wapi. Pingamizi jingine ni kwamba walioongoza watafiti walilipwa ujira wao. Ujira wa siku hulipia jua na tope. Msimamizi wa tasnifu naye hulipwa mshahara, na sijasikia mtu akidai kwamba kwa sababu hiyo jina lake lifutwe kwenye ukurasa wa kwanza.

Pingamizi lenye uzito zaidi linatoka nyumbani. Kaunti imemwaga fedha katika ufadhili wa Elimu ni Sasa ili watoto wa Kinango na Lungalunga wavae joho wenyewe, na mzazi anaweza kuuliza kwa nini tuwasifu wasio na cheti wakati tunahangaika kupata wenye vyeti. Jibu langu ni kwamba kijana aliyefunzwa kuwa kwao hakuna mwalimu atarudi kama mtalii, na mara nyingi harudi. Tena vyuo vinajua kutambua ujuzi usio na cheti vikitaka: Ahmed Sheikh Nabhany, mshairi aliyetupa neno runinga, hakuwa na shahada, lakini wasomi wa Kiswahili kutoka hapa na Ulaya walikwenda kwake, na wakamtaja kwa jina. Mshairi huheshimiwa kwa kuwa ujuzi wake huja kwa maneno, na maneno ndiyo sarafu ya chuo. Ujuzi wa mkata boriti umo kwenye nyayo zake.

Linalodaiwa si kubwa. Tasnifu za Gazi ziko Brussels na Nairobi, kwa lugha ambayo wengi wa waliotangulia mbele hawaisomi. Nakala moja ya kila tasnifu, yenye muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili na majina kamili ya walioongoza njia, ingeenea kwenye kabati la shule ya msingi ya Gazi, pamoja na vile vitabu vilivyonunuliwa kwa fedha za mikoko.