Je, Kukisia ni Kosa?



Siku za likizo nyumba yetu hujaa wajukuu, na wajukuu wa siku hizi huja na simu. Likizo iliyopita walituletea mchezo mmoja unaochezwa kwa njia ya mtandao. Simu huonyesha picha ya kitu kilichopigwa kwa karibu sana, hata kipande kidogo tu kikajaza kioo chote, nawe watakiwa useme ni kitu gani. Ukikosa, wajaribu tena. Ukishindwa, watoa sarafu za mchezo (tuliuliza, si fedha za kweli) na picha inarudi nyuma kidogo ili uone zaidi. Mwisho kitu chote hufunuliwa, na kila mtu huona nani alipata na nani alikosa.

Tulikaa nao jioni nzima. Tuliona milima myeusi iliyokunjamana, kumbe ni punje ya pilipili manga. Tuliona mawe ya pembe nne yanayong'aa, kama yamechongwa na fundi, kumbe ni chumvi ya mezani. Kisha ikaja picha ya kijani yenye vijiba vingi vilivyopangana, kila kimoja na ncha yake. Sisi, kwa sauti ile ya darasani ambayo haijatutoka hata baada ya kustaafu, tukasema, "Huo ni mgongo wa mamba." Mjukuu mmoja akasema pengine ni tunda. Tukamwambia tunda halina magamba. Picha ikarudi nyuma. Lilikuwa fenesi, tena likining'inia mtini.

Watoto walicheka, nasi tukacheka. Lakini yule aliyesema tunda, binti wa miaka tisa, alitutazama akauliza, "Bibi, kama ulikuwa hujui, mbona ulisema kama unajua?"

Tumelala na swali hilo siku nyingi, na leo twapenda kulifikiri pamoja nanyi. Je, kukisia ni kosa? Na kama si kosa, ni wapi kunapogeuka kuwa kosa?

Sisi tuliokulia vijijini tulianza kukisia zamani, kabla ya simu. Mtu mzima alisema, "Kitendawili!" nasi tukajibu, "Tega!" Tuliposhindwa, mtegaji alidai mji. Ilitubidi kumpa, Tabora au Tanga au mji wowote, naye alikwenda huko kwa maneno, akala, akanywa, akasalimiwa na wenyeji, ndipo akatufumbulia. Tazameni adabu iliyokuwamo katika mchezo huo. Asiyejua alikuwa na njia ya heshima ya kusema kwamba hajui. Na aliyeshindwa ndiye aliyelipa mji, wala hakulipiwa na jirani yake. Neno hili la pili tutalirudia.

Kwanza tuseme wazi kwamba hatupingi kukisia. Mwalimu anayepinga kukisia hajawahi kufundisha hesabu. Mtoto aliyekatazwa kukosea hatanyosha mkono, na asiyenyosha mkono hafundishiki. Mkulima anapoona matundu katika jani la mhindi hukisia ni mdudu gani kabla hajamwona, na mganga wa zahanati hukisia homa kabla ya kupima damu. Chuoni tulisomeshwa habari za Jerome Bruner, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Katika kitabu chake cha mwaka 1960 juu ya elimu aliuliza kama wanafunzi wahimizwe kukisia, akaona kwamba ziko nyakati ambapo kukisia kwa busara ni bora kuliko kunyamaza. Tulilipokea neno hilo kwa furaha, tukalifundisha kwa miaka mingi.

Jambo ambalo hatukulifundisha, maana tulilijua baadaye sana, ni jaribio ambalo Bruner huyo huyo alilitangaza mwaka 1964 pamoja na mwenzake Mary Potter. Waliwaonyesha watu picha za vitu vya kawaida, kama mbwa aliyesimama majanini, au njia panda kubwa ya magari iliyopigwa picha kutoka juu. Picha zilianza zikiwa na ukungu, zikaendelea kuwa wazi kidogo kidogo, zikasimamishwa kabla ya kuwa wazi kabisa. Wengine walianza kutazama picha ikiwa na ukungu mzito, wengine ukungu ukiwa umekwisha kupungua. Wote waliachiwa mahali pamoja, wakiwa na picha ile ile mbele ya macho yao. Mtu angetazamia kwamba waliotazama muda mrefu zaidi wangetambua zaidi. La, haikuwa hivyo. Wale walioanza na ukungu mzito ndio walioshindwa zaidi. Walikuwa wamekwisha kukisia mapema, na lile walilolikisia likawazuia kuona kilichokuwa kinajitokeza mbele yao.

Hapo ndipo tulipojiona sisi wenyewe na mamba wetu. Tulipokwisha kusema mamba, kila kijiba kilikuwa gamba. Hata mtoto aliposema tunda, hatukutazama tena picha. Tulitazama mamba aliyekuwa kichwani mwetu.

Kuna mtu aliyelijua jambo hili mapema sana. Robert Hooke, wa Chama cha Kifalme cha London, alichapisha mwaka 1665 kitabu kikubwa cha michoro ya vitu alivyovitazama kwa hadubini: ncha ya sindano, makali ya wembe, kiroboto, jicho la nzi. Ncha ya sindano, ambayo sisi huiita kali, kwake ilikuwa butu na yenye mashimo. Lakini kinachotugusa zaidi ni maelezo yake ya namna alivyofanya kazi. Alisema ni vigumu sana kutofautisha kilichoinuka na kilichobonyea, au kivuli na doa jeusi. Jicho la nzi katika mwanga mmoja lilionekana kama wavu uliotobolewa matundu, katika jua likawa kama limepigiliwa misumari ya dhahabu, na kwa kuligeuza tena likawa kama piramidi nyingi. Basi hakuanza kuchora mpaka amelitazama jambo mara nyingi, katika mianga mbalimbali na kutoka pande mbalimbali. Mtu yule alifanya subira hiyo yote kwa ajili ya nzi. Sisi twafanya kiasi gani kwa ajili ya jirani?

Msomaji asidhani kwamba haya ni makosa ya bibi mwenye macho mabovu tu. Tarehe 11 Machi 2004 mabomu yalilipuka katika treni za Madrid, Hispania, na watu zaidi ya 190 walikufa. Katika mfuko wa plastiki uliokuwa na viwashio vya mabomu ilipatikana alama ya kidole. Wapelelezi wa Marekani, yaani FBI, waliilinganisha na alama walizonazo, wakasema ni ya wakili mmoja wa jimbo la Oregon. Wataalamu watatu walikubaliana, na baadaye hata wa nne, aliyeteuliwa na mahakama. Polisi wa Hispania walikuwa wamewaambia mwezi Aprili kwamba wao hawaoni alama hizo kuwa sawa. Hata hivyo mwezi Mei wakili yule alikamatwa, akakaa kifungoni wiki mbili, mpaka Wahispania walipomtambua mwenye alama, mtu mwingine kabisa kutoka Algeria. FBI iliomba radhi, na mwaka 2006 serikali ya Marekani ikakubali kumlipa dola milioni 2. Uchunguzi wa Wizara ya Sheria ya nchi hiyo ulieleza kwamba wataalamu walipokwisha kuiona alama ya wakili, walianza kuona katika ile ya Madrid mistari ambayo haikuwa wazi ndani yake. Uchunguzi huo ulisema pia kwamba, ingawa dini yake, yaani Uislamu, haikuwa chanzo cha kosa la kwanza, huenda ilichangia katika kuwafanya wasirudie kazi yao kwa makini. Hawakuwa wavivu. Walitazama kwa karibu mno, na kwa lenzi nzuri.

Sasa inatubidi kusema habari yetu wenyewe, ambayo ndiyo iliyotufanya tushike kalamu.

Mwaka 1993 tulikuwa mkufunzi katika chuo kimoja cha ualimu. Ilipofika zamu ya mazoezi ya kufundisha tulipelekwa kuwakagua wanachuo katika shule za msingi za vijijini. Kijana mmoja alikuwa akifundisha hesabu darasa la nne. Tulikaa nyuma ya darasa dakika arobaini. Somo lilikuwa la wastani. Alipotukaribia kutupa andalio la somo tulisikia harufu ya komoni, na ilikuwa saa tatu asubuhi. Juma lililofuata tulirudi, harufu ikawa ile ile. Tukaandika katika fomu yake maneno matano: "Anakunywa pombe saa za kazi." Hatukumwuliza. Tulijiona wenye huruma kwa kuwa hatukumwaibisha mbele ya watoto.

Kijana alishindwa mazoezi, akayarudia mwaka uliofuata, wakati wenzake wamekwisha kupangiwa vituo.

Mwaka 1995, msibani, tulikaa karibu na aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ile. Katika mazungumzo tukamtaja kijana yule mlevi. Mzee alishangaa. "Yule? Yule alikuwa haonji." Akatueleza kwamba kijana alipanga chumba kwa mama mmoja mpika komoni, na mapipa yalikaa ukutani kwake, na nguo zake mbili zilining'inia juu ya mapipa hayo.

Tuliporudi nyumbani tulikumbuka kitu tulichokuwa tumekiona siku ile bila kukitazama. Juu ya meza yake yalikuwapo madaftari ya darasa zima, yamesahihishwa yote kwa kalamu nyekundu, hesabu moja moja, na mahali pa kosa ameonyesha njia. Mlevi hasahihishi hivyo. Picha iliyobaki ilikuwa hatua mbili kutoka tulipokaa.

Labda msomaji atasema: mkituambia tungoje mpaka tuone kitu kizima, hatutatenda neno lolote, maana mwanadamu haoni kitu kizima kamwe. Hilo ni kweli, na si dogo. Dereva wa basi akinuka pombe, asiendeshe. Abiria hawawezi kungojea uchunguzi. Lakini tazama vema. Kumshusha dereva kwenye usukani ni jambo moja, na kumwandika mlevi ni jambo la pili. La kwanza ni tahadhari, na kesho, ukweli ukijulikana, atarudi kazini mwake. La pili hukaa ndani ya faili. Tungaliweza kumwita kijana pembeni na kusema, "Mwanangu, twasikia harufu, kuna nini?" Lingekuwa ni kisio bado, lakini kisio lililoachwa wazi ili mwenyewe alijibu.

Hapa twarudi kwenye mji wa kitendawili. Katika mchezo wa kale aliyekosa ndiye aliyelipa, na katika simu za wajukuu aliyekosa hupoteza sarafu zake. Katika fomu ile sisi ndio tuliokosa, na kijana ndiye aliyelipa mwaka mzima. Tena simu humaliza kwa kufunua picha yote, mtaka asitake. Lakini sisi hakuna aliyetufunulia. Miaka miwili ilipita tukiwa na hakika kamili, na kama si msiba ule tungalikuwa nayo hata leo. Twadhani hapo ndipo kukisia kunapogeuka kuwa kosa: pale anayelipa si yule anayekisia, naye anayekisia haoni sababu ya kwenda kutafuta sehemu iliyobaki.

Baada ya msiba tuliandika barua kwa ofisi iliyohusika, kuomba maneno yale yafutwe. Hatukujibiwa, wala hatukuandika ya pili.

Mwaka 2011 tulikuwa kituo cha basi na mzigo wa mchele. Mtu mzima aliyevaa vizuri alitujia akasema, "Shikamoo, mwalimu." Tulimtambua kwa sauti. Alikuwa mwalimu mkuu sasa, ana watoto watatu. Alitubebea mzigo mpaka mlangoni mwa basi, akamwambia kondakta atutafutie kiti cha mbele. Hatukujua kama alipata kusoma fomu ile, au kama alijua ni mkono wa nani ulioiandika. Tulimwambia asante, tukamwuliza habari za wanawe. Basi likaondoka.